Mtani wa Mama Loveness

Sabina alifikisha miaka hamsini akiitwa Sabina tu, wakati wenzake wote ni Mama fulani. Hakujaliwa kuzaa. Halafu watu wa ustawi wa jamii wakamletea Loveness amlee, binti wa miaka saba asiyesema neno, na wiki haikuisha Lisekese nzima ikawa inamwita Mama Loveness. Ukimwita Sabina siku hizi haitiki. Nimejaribu.

Taabu ni kwamba mtoto wa malezi ya kambo ni wa kukaguliwa. Kila baada ya miezi kadhaa afisa huja kuangalia kama abaki au ahamishwe. Siku zikikaribia, Sabina anafagia uwanja mpaka unang'aa, na anatufokea majirani tufiche mitungi yetu ya uraka, pombe ya mabibo, kana kwamba harufu yake nayo inafichika.

Safari hii alikuja afisa mpya, Glory, mzaliwa wa Bukoba. Njiani akamkuta Mzee Salmini anaanika korosho.

"Shikamoo, mzee. Mama Loveness unamfahamu?"

"Marahaba. Namfahamu sana. Mchawi yule! Mtoto analala na mbuzi. Nyama anakula yeye, mtoto analamba sufuria."

Sasa, Salmini ni mtani wa ukoo wa Sabina. Huku kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani, na ukinuna umekosa wewe. Glory hakulijua hilo. Akaandika kila neno.

Alipofika kwa Sabina akasema amepata taarifa nzito, na huenda akaondoka na mtoto leo hii. Sabina, anayebishana hata na kasisi, akaketi chini uwanjani. Akalia. Nilitamani kumnyonga Salmini.

Nikamfuata. Akaja mbio, kashika msuli usidondoke, akiapa kwamba alikuwa anatania.

"Utani gani huo, mzee, mbele ya serikali?" Glory akauliza.

Ndipo Loveness, ambaye kaguzi zote zilizopita alijibu kwa kutikisa kichwa, akatoka jikoni mikono kiunoni.

"Usimsikilize huyu, anti. Mwizi! Ukoo wao wote wezi. Walikula jogoo wetu na miguu yake. Sisi hatukai na wezi!"

Salmini akacheka mpaka akashika ukuta. "Umesikia, mwanangu? Mgeni akinitukana hivi nampeleka kwa mtendaji. Huyu siwezi. Huyu ana haki yake."

Glory akamgeukia mtoto, taratibu. "Sisi ni nani, Loveness?"

Loveness akamshangaa. "Sisi. Ukoo wa mama."

Glory akayafuta yale ya mbuzi na sufuria, akasema mtoto anabaki. Sabina akazidi kulia, safari hii kwa furaha, mpaka Loveness akamvuta mkono.

"Mama, inuka basi. Umeufagia uwanja tangu asubuhi, sasa unauchafua."

Mama Loveness akainuka.