Chumvi ya Kukaanga

Miye ni mtoto wa chumvi. Mama yangu ana majaruba yake pale Moa, vidimbwi anavyovijaza maji ya bahari, jua likafanya kazi, naye akaja na koleo kukusanya. Nilipoolewa Maramba, kwa wakulima walioteremka kutoka milimani, kila mgeni wangu kutoka kwetu alikuja na chumvi ya mama imefungwa kwenye kipande cha kaniki. Mama ana fundo lake la kuzungusha mara mbili, halifunguki mpaka utumie meno. Watu wa kwetu tunasifika kwa kutia chumvi maneno, lakini hili la fundo ni kweli tupu.

Mama mkwe wangu alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, unakaribia ukubwa wa limau. Alilifunika kwa mtandio hata akiwa jikoni kwake, na mtu akimtazama sana shingoni aliinuka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyataka. Sikuwahi kumuuliza.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na miezi minne pale kliniki walipotuambia tulete chumvi kidogo ya nyumbani. Nikaenda na ya mama, kifua mbele. Muuguzi akaidondoshea kila chumvi tone la dawa. Za wenzangu, za pakiti, zikageuka buluu. Yangu ikabaki nyeupe vilevile.

"Hii haina madini joto, mama," akasema.

"Hiyo imetoka baharini," nikamjibu, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Hizo za pakiti zimetoka wapi, mbinguni?"

Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Akanieleza kwamba mvua zimeyaosha madini hayo kwenye udongo wa milimani miaka na miaka, yakateremka mpaka baharini, ndiyo maana watu wa juu hupata rovu. Huko baharini mwani huyanyonya, samaki nao huwa nayo. Lakini maji yakikauka juani, kwenye chumvi hubaki chembe tu isiyotosha. Kwa hiyo kiwandani huyaongeza. Mtoto aliye tumboni akiyakosa, akasema, akili yake haikui vizuri. Niliogopa, sifichi, nikalishika tumbo kwa mikono miwili.

Njia nzima nilikuwa nawaza moja tu: mama nitamwambiaje? Mwanamke kajenga nyumba kwa ile chumvi, kanisomesha kwa ile chumvi, leo nimwambie mjukuu wake asiile.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe. Wala hakushtuka.

"Madini joto nayajua," akasema. "Waliniambia kliniki zamani, nilipobeba kitinda mimba wangu. Ndiyo maana naitia joto."

Akanionyesha kikaango kilichoninginia ukutani. Kumbe tangu niolewe, kila fungu la mama lilipofika, huyu mama alilikaanga mpaka chumvi ikaanza kurukaruka, ili joto liingie. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Nikamwambia taratibu kwamba joto ni jina tu, haliingii kwa moto.

"Basi ya dukani tungenunua," akasema, "lakini mwenzangu, mama yako, anahangaika na jua. Utamrudishia mtu jasho lake?"

Juma lile lile nikapanda bodaboda hadi Moa. Nikamkuta mama jarubani, nikamwamkia shikamoo, nikazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe nikayatoa yote, na buluu na kikaango. Mama akaweka koleo chini.

"Na mwenzangu," akauliza, "lile rovu lake ni chumvi yangu?"

"Hapana, mama. Wanasema alishuka nalo kutoka milimani, kabla sijazaliwa."

Akashusha pumzi. Alikuwa ameliona siku ya harusi, kumbe, chini ya mtandio, na miaka yote hiyo hakunitajia.

Asubuhi akanishika mkono hadi dukani. Sikuwa nimepata kumwona mama akinunua chumvi. Mwenye duka akamuuliza kama bahari imekauka, mama akamwambia aangalie mizani yake. Tuliporudi akapasua pakiti zote, akazimimina kwenye kaniki, akafunga fundo lake mara mbili. Juu akaweka samaki wakavu.

"Mwambie imetoka Moa," akasema. "Duka si liko Moa?"

Maramba, mama mkwe alilifungua lile fundo kwa meno kama kawaida. Chumvi ya mama siku zote ni ya chengachenga, mawe mawe. Hii ilikuwa laini kama unga, hata kipofu angeijua. Akachovya kidole, akaonja. Nilikuwa najiandaa kusema uongo wangu.

"Mkono wa mwenzangu," akasema, "naujua."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, shingo ikabaki wazi, na hakuifunika tena. Kisha akaangua kikaango ukutani.

"Mama, hiyo haikaangwi," nikasema upesi.

"Nani kasema chumvi? Nakaanga samaki." Akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo chumvi ya mama yako."