Wimbo Tulioushusha Wenyewe

Juzi nilikuwa Eldoret, mji mwingine tu katika miji yangu mingi, nimekaa kwa fundi simu nikisubiri anibadilishie spika. Alipomaliza akaijaribu kwa wimbo wa zamani. Gitaa likaanza, kisha ile sauti nyembamba ya kiume. "Hii ni ya kina babu," fundi akasema, akataka kuuzima. Nikamwomba auache uishe. Sikumweleza kwamba mwimbaji huyo na mpiga gitaa wake walikuwa majirani zetu.

Kama ulikulia Kampala miaka ile ya utawala wa wanajeshi, huenda unaukumbuka. Sisi tulikaa Namuwongo, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vya Bibi vilitetemeka kabatini. Bibi alitoka katika familia za Waislamu waliokuja zamani kutoka pwani, na nyumbani tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo siku hizo ukiitamka sokoni watu walinyamaza, wakidhani una askari kwenu. Chai tuliinywa kavu. Sukari ilikuwa ya magendo, ya wenye bahati.

Nyumba ya pili alikaa mwimbaji na mama yake, Nalongo, kama wanavyoitwa Kampala wanawake waliozaa mapacha. Chumba cha uani alipanga mpiga gitaa, Mkongo, ambaye mchana alinyoa watu. Jioni, mihogo ikichemka, wawili hao walikaa kwenye benchi wakapiga dansi mpaka wanawake wakasahau moto. Wakaenda Nairobi, wakarudi na sahani moja ya santuri, yenye wimbo huo.

Jumapili mchana redio ilisoma nyimbo kumi zilizopendwa, kwa kadi za wasikilizaji. Mtangazaji alisoma na majina ya waliotuma, kwa hiyo wengi waliogopa kujulikana. Bibi alituma kwa majina ya marehemu wa ukoo wake, mashangazi na wajomba ambao sikuwahi kuwaona. "Hawa nani atawakamata?" alisema. Majirani wakacheka, wakaanza kuwatumia marehemu wao pia. Hivyo ndivyo Namuwongo, walio hai na waliozikwa, ilivyoupandisha wimbo ule mpaka wa kwanza. Nalongo alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wiki hiyohiyo gari la jeshi likasimama mlangoni kwake.

"Mukubwa nataka ile namba moja," askari alisema. "Nyinyi mbili, panda."

Walirudi kesho yake na mguu wa mbuzi na sukari kwenye gazeti, tukafurahi wote. Lakini gari likawa linakuja kila Jumamosi. Kule kambini wakubwa walitaka wimbo wa kwanza wa redio, huohuo tu, ukiisha unaanza tena. Mkongo alirudi vidole vimevimba, Bibi akamkanda kwa maji ya chumvi.

"Bibi, hii wimbo itaniua. Nalala nayo, naamka nayo."

"Si ndiye mke uliyemtaka mwenyewe?"

"Basi nipe talaka, Bibi!"

Walicheka, lakini Mkongo alikuwa na macho ya mtu aliyechoka hadi mifupani. Halafu siku moja askari akatangaza kuwa mwisho wa mwezi wote wawili watahamia kambini, wakae hukohuko. Wote tulimjua mpiga tarumbeta wa Lubaga aliyehamishwa hivyo, na mama yake aliyechoka kuuliza aliko.

Nalongo alikuja akakaa kwenye mkeka wetu. "Jjajja," akamwita Bibi kwa Kiganda, "mwanangu wanamchukua."

"Wanachukua namba moja," Bibi akasema. "Akiwa wa kumi, nani atamtaka?"

Akachagua wimbo mwingine, wa bendi moja ya Kenya, wimbo wa kipuuzi kuhusu mtu na baiskeli yake. Aliuchagua kwa sababu wenyewe walikuwa ng'ambo ya mpaka, gari la jeshi lisingewafikia. Mtaa mzima ukaanza kuandika kadi za baiskeli. "Na hao wawili wasijue," Bibi alimwonya Nalongo. "Mwanao akijua, uso wake utasema yote mbele ya askari."

Wimbo wetu ukawa wa tatu. Kisha wa saba. Jumapili iliyofuata mtangazaji alimaliza kumi zote bila kuutaja, akasoma jina la shangazi yake Bibi chini ya ule wa baiskeli. Mwimbaji alikuwa uani nasi. Alitutazama mmoja mmoja. "Hata nyinyi?" Nalongo aliendelea kumenya matoke, kichwa chini.

Jumamosi gari halikuja. Halikuja tena.

Tulipaswa kufurahi. Lakini wale wawili walianza kulaumiana. "Sauti yako imezeeka," nilimsikia Mkongo. "Na wewe unapiga kama unayenyoa," mwenzake akajibu. Benchi likabaki la watoto. Asubuhi moja Mkongo akaondoka na gitaa lake na mashine ya kunyolea, bila kuaga. Bibi alitoka mpaka relini akamtazama akienda. Kumwita arudi kungekuwa kumweleza, na askari bado walikuwa kila mahali.

Utawala ule ulipoanguka, Nalongo alimwambia mwanawe. Nilikuwepo. Mwimbaji akauliza, "Na mwenzangu, nani amemwambia?"

Leo Namuwongo siijui tena. Nyumba zetu zilibomolewa, redio haisomi kadi, na Bibi na Nalongo wamelala na wale marehemu waliotumia majina yao. Mwimbaji alikufa mzee, fundi cherehani, kitandani mwake, kama mama yake alivyotaka. Nimepita Goma, Bukavu, Bujumbura, kila mahali nikiuliza habari za yule mwingine. Kama yu hai, huko aliko bado anaamini kwamba tulimchoka.