Pendekezo la Thelathini na Nane

Siku somo langu la kwanza lilipotoka mtandaoni, mama alilisoma kwenye simu, kisha akaniuliza, "Estelle, huyu Akram ni nani? Jina yako iko wapi?"

Nilidhani ananitania.

Nilikuwa nimeandika somo la Kiswahili la kuwafundisha wanaoanza kutengeneza programu za kompyuta, kwa ajili ya tovuti moja ya hapa Kampala. Wiki tatu nzima! Kuna ofisi iliniambia wazi: tuletee somo moja lililochapishwa kwa jina lako, kazi ni yako. Mama anauza vitenge katika soko la Owino tangu tutoke Bukavu. Nilitaka apumzike, basi.

Akram ndiye mhariri. Alinirudishia rasimu ikiwa na mapendekezo thelathini na nane pembeni.

Mfano wangu ulikuwa programu ya kuonyesha kitenge kipi kimeisha kibandani. Akaandika: "Nani anajua vitenge? Weka piza."

Piza! Mimi, mtu wa mtaa wa mabanda wa Bwaise!

Nilimjibu kwa heshima, moja baada ya jingine. Kwa nini nimeueleza mstari huu mara mbili. Kwa nini mwanafunzi atakwama pale. Kila nikijibu, yeye: "Bado."

Kufika la ishirini nilikuwa nalia kwa hasira mbele ya kompyuta ya kuazima.

Rafiki yangu Moreen, anayesoma Chuo Kikuu cha Kyambogo, akanicheka. "Banange, jamani, unabishana na mhariri? Kubali yote, umalize!"

Kipo kitufe cha kukubali mapendekezo yote kwa mpigo. Nikakibonyeza. Nikasikia raha, sitawadanganya.

Na sasa jina ni la Akram. Langu halimo hata kwenye shukrani.

Nikampigia simu.

"Umeniibia somo!"

"Dada, pole pole. Fungua historia ya rasimu, soma pendekezo la mwisho."

Nikafungua. Futa "Estelle", weka "Akram". Chini yake, tarehe na saa: limekubaliwa na Estelle.

"Umeona? Mimi nilipendekeza tu."

Akakata simu.

Ile ofisi ilichukua mtu mwingine. Mama bado yuko Owino, na mimi bado nina uchungu.

Ninyi mnaoandika, bishaneni na mhariri mpaka neno la mwisho. Mimi nilichoka kwenye la ishirini, na mwizi wangu alikuwa ananisubiri kwenye la thelathini na nane.