Juisi ya Moto ya Sista Brigita

Mwanangu, kuna Desemba moja ambayo hunirudia kila ninapowasha jiko. Nilikuwa kijana, nimeishia darasa la saba, na nilikuwa nimepata kazi ya jikoni katika nyumba moja ya misheni juu kidogo ya mji wa Homa Bay. Aliyekaa humo alikuwa muuguzi kutoka Uswidi. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Sista Brigita, naye akaitika. Alikuwa mrefu na mkimya, na alikuwa amewazalisha akina mama wengi wa pale hata watu wakamzoea bila kumjua.

Mkubwa wangu jikoni alikuwa Mama Dorka, Msabato aliyenyooka, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha hata namna ya kushika kisu.

Mwezi huo simu ilipigwa ofisi ya misheni. Mama yake Sista Brigita alikuwa amefariki huko kwao, na mazishi yangefanyika kabla yeye hajapata ndege. Alitoka ofisini, akanawa mikono, akarudi wodini. Kesho yake akaniomba nimtafutie zambarau zilizoiva.

Nilidhani ni za kula. Kumbe alitaka kutengeneza kinywaji cha mama yake. Alituambia kwamba kwao Desemba ni theluji na giza, jua linazama watu wakiwa bado kazini. Basi majirani hutembeleana, na kila anayeingia hupewa kikombe kidogo cha juisi ya moto yenye viungo. Wengi huko hutia divai, lakini nyumba ya mama yake haikuingiza kileo, na wala yeye hakuwahi kukiingiza hapa kwetu. Mama yake alitumia matunda meusi madogo ya porini. Hapa hayapo, kwa hiyo tukachukua zambarau.

Acha nikueleze jinsi inavyofanywa, maana huenda siku moja ukaitaka. Tulichemsha zambarau kwa maji kidogo mpaka ngozi zikapasuka, tukaziponda kwa mwiko, tukachuja kwa kitambaa. Humo tukatia vijiti vya mdalasini, karafuu chache, iliki zilizopasuliwa, tangawizi na ganda la chungwa lililotolewa ule weupe wa ndani. Tukafunika, tukaacha hadi kesho. Siku ya kunywa ndipo unachuja tena, unatia sukari na kupasha moto, lakini huiachi ichemke. Mvuke ukianza kucheza juu, unatoa. Ikichemka na viungo, inakuwa chungu. Chini ya kila kikombe zinakaa zabibu kavu na lozi. Lozi hatukuwa nazo, tukatia njugu karanga.

Alasiri ya siku ya kunywa ilipofika, joto lilikuwa la kumfanya mbwa alale. Sista Brigita alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya barazani, akapanga vikombe vidogo kwenye sinia. Vilikuwa vingi kuliko watu wa nyumba ile. Kisha akaketi, mikono mapajani, akitazama njia.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni, nikamwambia Mama Dorka, "Tumwache tu. Hawa wazungu wanapenda kukaa peke yao."

Mama Dorka aliweka kisu chini.

"Nani alikwambia?"

"Kila mtu anajua, Mama."

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Joram, mama yako akifa leo kule Oyugis, na wewe uko mbali, utataka uachwe na sinia?"

Nilitazama tena dirishani.

"Na vile vikombe ni vya nani? Vya kuku? Toka hapa. Pita nyumba zote za huku chini. Waambie wanawake kwamba Sista amefiwa na mama yake, na hakuna hata mmoja aliyekuja kulia naye."

Si kwamba wale wanawake walikuwa wabaya. Habari walikuwa nayo. Lakini sisi tumezoea kufika palipo na mwili, pana hema, pana kaburi linachimbwa. Hapo kila mtu anajua kazi yake. Msiba wa Sista Brigita haukuwa na mwili wala kaburi, basi watu hawakujua waingilie wapi. Wakamwamkia tu wodini na kunyamaza.

Nilipita nyumba hadi nyumba. Walikuja. Na walipofika langoni walifanya kama wanavyofanya kwenye boma lolote lililofiwa: waliweka mikono kichwani, wakapiga yowe, wakaingia wakimwita yule mama ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona. "Mama Brigita! Umemwachia nani mtoto huyu?" Nilishtuka. Nilidhani Sista ataogopa, au atakasirika. Alisimama, akashika ukingo wa meza, kisha akaketi chini sakafuni, akalia kwa sauti. Tangu simu ile sikuwa nimemwona akitoa chozi.

Kilio kilipokwisha, kama kinavyokwisha kwetu, watu walikohoa, wakajifuta, wakatazama sinia.

"Dorka," akasema Mama Siprosa, muuza samaki, akiinua kikombe kwenye mwanga. "Rangi hii ni ya divai. Wewe Msabato ndio unatulewesha?"

"Ni zambarau, Siprosa. Ulimi wako ndio unatamani divai."

"Na kikombe chenyewe! Cha mtoto anayeota meno?"

"Kunywa, utaongezwa."

"Yaye! Ni ya moto! Jua lote hili nje, na nyinyi mnatupa moto!"

Sista Brigita alikuwa bado na machozi shavuni. "Kwetu kuna baridi sana," akasema.

"Sawa, Sista, lakini hapa si kwenu. Tuongezee sukari."

Hapo akacheka. Alicheka vibaya, pua imejaa, kama mtu aliyesahau namna yake. Wakaongezwa sukari. Walipomaliza, ndimi na midomo yote ilikuwa ya zambarau, na Mama Siprosa akasema mume wake akimwona hivyo hatamfungulia mlango. "Nitakuja kulala kwako, Sista." Naye akajibu, "Karibu. Kitanda kipo."

Walikaa mpaka kuku wakaingia bandani. Walipoondoka, nilikuwa nakusanya vikombe nikamsikia Sista akimwambia Mama Dorka, "Nilifikiri hamtaki kuja."

Mama Dorka akamjibu, "Nasi tulifikiri hutaki tuje."

Miaka ilienda. Sista Brigita alirudi kwao, Mama Dorka alilala usingizi wa mauti, nami nikaoa, nikahamia huku nje ya mji wa Migori, njia ya kwenda Masara. Mke wangu aliitwa Peres. Jikoni kwake mimi sikuruhusiwa, isipokuwa Desemba, kwa juisi ya Sista Brigita. Desemba alinipa mwiko, yeye akaketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, akiniamuru. "Mzee, unachemsha! Toa!" Kila mwaka alisema hivyo, hata kama sijachemsha.

Peres tulimzika mwaka huu, wakati wa mvua. Watu walijaa. Walitoka Homa Bay, walitoka Oyugis, magari yakakosa pa kugeukia. Kisha vijana wakakunja hema, lori likachukua viti vya plastiki, na watoto wangu wakarudi Nairobi na Mombasa kwenye kazi zao. Binti yangu hunipigia simu kila Jumapili. Namwambia niko sawa. Si kweli, lakini ndicho ninachomwambia.

Mwanangu, mwanamume akifiwa na mke, nyumba yake hunyamaza kwa namna ya peke yake. Wanawake waliokuwa wakiingia walikuwa wakimwendea Peres. Sasa wanaona haya kuingia. Wanaume wanakuja mara moja, wananiambia nitafute mtu wa kunipikia, wanatazama simu zao, wanaondoka. Kuna siku redio ndiyo inayonisalimu.

Desemba ilipoingia nilisitasita. Halafu nikaenda soko la Migori kununua mdalasini na karafuu, nikaokota zambarau kwenye ua wa shule. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Juisi ilipolala usiku mmoja, alasiri nikapanga vikombe kwenye sinia, nikakaa mlangoni nikitazama barabara.

Alipita Gati. Huyu ni jirani yangu, kijana Mkuria kutoka upande wa mpaka wa Tanzania, fundi wa pikipiki. Lugha yetu mimi na yeye ni Kiswahili tu.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, Gati."

Akapita. Neno "ingia" lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu, na sikulitoa. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka alijue mwenyewe. Nilikunywa kikombe kimoja nimesimama jikoni, nikafunika sufuria. Hakuna aliyeniambia ninachemsha.

Kesho yake niliionja. Juisi hii siku ya pili huwa tamu zaidi, viungo vimeingia vizuri. Nikiwa na kijiko mkononi nikamkumbuka Mama Dorka na kile kisu alichokiweka chini. Nikavaa viatu, nikaenda hadi kwa Gati.

"Gati, nina kitu jikoni. Mlete mkeo Bhoke na watoto."

"Leo, mzee? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimechoka kukaa peke yangu."

Nimebeba mizigo mizito maishani, lakini sentensi hiyo iliniuma kuitoa. Gati akatazama chini, akijifuta grisi vidoleni.

"Mzee, sisi tulisema unapenda kutulia. Bhoke ananiambia kila siku, nenda umwone babu. Mimi namwambia, wazee wakifiwa wanapenda kutulia."

"Nani alikwambia?"

Lilikuwa swali la Mama Dorka, neno kwa neno.

Walikuja wote. Watoto walipekua zabibu chini ya vikombe kwa vidole. Gati alisema imekosa sukari. Bhoke aliingia moja kwa moja jikoni nilikokuwa napasha sufuria ya pili, akavuta kigoda cha Peres kilichokuwa karibu na mlango, akaketi. Hakujua ni cha nani. Sikumwondoa.

Nilikuwa nimegeuka kutafuta kitambaa aliposema, "Babu, hiyo inachemka! Itoe!"

Nikaitoa. Ilinibidi nibaki nimeinama pale jikoni kidogo kabla ya kugeuka.

Walipoondoka, nyumba ilinyamaza tena, sitakudanganya. Niliosha vikombe peke yangu. Lakini jana Bhoke alileta watoto tena bila kuitwa.

Kwa hiyo, mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Usimwamulie aliyefiwa kwamba anataka kuachwa. Muulize, na umuulize mlangoni kwake, si kwa simu. Nenda wakati hema limeshakunjwa na viti vimerudishwa, maana hapo ndipo msiba wake unapoanza. Usiogope kwamba huna la kusema. Mama Siprosa aliomba sukari tu. Nawe siku utakapofiwa, usikae na sinia ukingoja watu wabahatishe. Vaa viatu, vuka barabara, useme umechoka kuwa peke yako.

Mungu akupe nyumba isiyokosa hodi. Akupe majirani wa kukuambia ukichemsha, na mkono wa kutoa sufuria jikoni kwa wakati. Vikombe vyako visikauke juu ya sinia, mwanangu, na Desemba zako zote ziwe na watu.