Shaba Niliyoinyunyizia Bustani ya Mama

Nikiri mapema ili mnicheke mara moja tuendelee: mimi ndiye niliyeufanya mtaa mzima, huku kwetu karibu na mgodi wa Musonoi, uchimbe bustani ya mama yangu kwa majembe, na sikuhitaji zaidi ya uongo mmoja mfupi.

Mama alilima artemisia, ile ya chai chungu ya homa, na wagonjwa walimjua. Kampuni ya mgodi ilikuwa imepaka alama nyekundu kwenye nyumba zetu, zimebaki wiki tatu tuhame, naye alitaka vitu viwili tu: majani ya kukausha na miche ya kuanzia huko tuendako. Mimi, niliyejifunza kilimo kwenye simu (na ninayepanga hata sufuria kwa ukubwa), nikanunua mbolea ya kunyunyizia majani, yenye chembe za shaba ndogo hata jicho halizioni; kwenye chupa wameandika nano. Maelezo yalisema kifuniko kimoja kwa ndoo, asubuhi. Nikatia vitatu, saa sita mchana, kwa sababu wiki tatu ni chache na kitu cha nusunusu hakinipi raha.

Kesho yake majani yalikuwa na madoa ya kijani-buluu, yanang'aa, rangi ileile ya malakiti, jiwe lenye shaba ambalo mtoto wa huku analijua kabla ya kujua kusoma. Akapita Tata Kalenga (tata ni baba, kwa heshima), jirani yetu, anayejichimbia madini mwenyewe tangu kazi yake kwenye kampuni ilipokufa.

"Nadège, ulitia nini ku majani?"

Ningesema. Lakini niliona aibu kuonekana nimeharibu. "Hapana kitu, tata. Ni udongo tu."

"Udongo tu?" Akachuchumaa, akasugua jani, akatazama kidole. "Njo maana banatufukuza! Mali iko apa chini!"

(Mali, kwetu, ni madini. Wachimbaji wetu hufuata mimea inayopenda shaba kama mtu anavyofuata njia, na hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini uhamishwe mtaa wetu na si mwingine, kwa hiyo jibu langu liliangukia penye kidonda.) Muda si muda watu walijaa na majembe yao, nami nasema "ngojeni, ngojeni" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, hadi mama akarudi kutoka kanisani akakuta shimo limemfika Tata Kalenga kifuani na miche imelala juu ya kifusi.

"Nani alisema kuko mali?"

"Mutoto yako!" wakajibu kwa pamoja.

Nikaleta chupa. Nikaeleza yote, mpaka vile vifuniko vitatu. Mwanamke mmoja akapiga makofi: "Aa, kumbe tulikuwa tunachimba chupa!" Wakacheka wote, isipokuwa Tata Kalenga mle shimoni.

"Mi nilifikiri leo tutajua sababu ya kutufukuza," akasema.

Kicheko kikakatika. Akapanda juu, akaanza kumsaidia mama kuokota miche. Ilipona minne. Majani yaliyobaki hakuna aliyethubutu kuyachemsha, na wagonjwa waliokuja wiki ile walirudi mikono mitupu. Mama alinituma mimi mlangoni nimweleze kila mmoja sababu, tangu mwanzo, bila kuruka.

Siku hizi nikiharibu nasema mara ya kwanza ninapoulizwa.