Kiapo cha Asali

Kila asubuhi nikifungua ghala langu, harufu ya nta hunipokea mlangoni. Ghala hili nimelijenga mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nne, na Tabora nzima hupati asali safi kama yangu, kaulize. Ila harufu hiyo hunirudisha kwetu.

Baba alikuwa ameapa mbele ya majirani kwamba atakayeonja asali kabla malimbuko hayajafika kanisani hatalala nyumbani mwake. Kaka yangu akabeba ndoo kutoka porini, kutwa nzima bila kula. Alipofika, midomo yake ilikuwa inanata.

"Toka," baba alimwambia. "Nimeshaapa."

Bibi alikuwa anachambua mlenda, hakuinua hata kichwa. "Mfalme Sauli naye aliapa watu wasile, mwanawe akalamba asali. Akataka kumuua, eti neno la mfalme halirudi. Na wewe umeshakuwa mfalme, mwanangu?"

Baba aliitazama miguu ya kaka iliyovimba. Kisha akachovya kidole ndooni, akalamba taratibu.

"Haya, na mimi nimeonja," alisema. "Tandikeni mikeka uani, tulale wote nje."