Ushauri Wangu wa Dola kwa Akinamama wa Chumbi

Siku ya kwanza kazini, meneja wa benki yetu, tawi la Kibiti, hakunipa faili hata moja. Alinipa hotuba ya bajeti. "Soma hii kwanza," alisema. "Ukijua serikali inatumia kiasi gani na inakusanya kodi kiasi gani, utajua riba inakwenda wapi." Nilikuwa afisa mikopo mpya, shati limenyooshwa pasi, nikadhani ananitania.

Baadaye nilielewa. Matumizi yakizidi kodi, serikali hukopa kwa kuuza hatifungani. Benki hupenda mkopaji asiyeweza kutoroka kama serikali, kwa hiyo fedha za kuwakopesha wengine hupungua, na mkulima akija kukopa hutozwa riba kubwa zaidi. Riba ikipanda, wageni huleta dola zao kutafuta faida, na shilingi hupata nguvu. Hayo nilikuwa nimeyahifadhi kama juzuu.

Mwaka mmoja akinamama wa kikundi cha wakulima wa Chumbi walikuwa wametimiza akiba ya kununua mashine ya kukoboa mpunga, bei yake kwa dola. Riba ilikuwa imepanda. Nikawaambia wasubiri mpaka wavune mlau, yaani mazao yanayopandwa mafuriko yakishapungua, kwani wakati huo dola itakuwa imeshuka. Mwenyekiti wao, Bi Mwanahawa, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikajibu ninayo.

Kumbe bajeti sikuisoma mpaka mwisho. Fedha zile ilizokopa, serikali ilikuwa inanunulia vyuma na mitambo ya nje, na dola zilizotoka zikazidi zilizoingia. Shilingi ikaanguka. Akiba yao haikutosha tena. Meneja alitaka niwaandikie barua, nikakataa, nikaenda mwenyewe kwa aibu yangu yote.

Niliwakuta wanatwanga. Nilieleza kosa langu, nikaomba radhi. Bi Mwanahawa akanipa mchi. "Twanga kwanza, mwanangu."

Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge.

"Sisi hii ni kila siku," akasema. "Haya, kaa tupange upya."

Tukapanga. Walimlipa muuzaji wa mashine kidogo kidogo kila walipouza mpunga, bila kungoja dola ishuke, nami kila bajeti niliisoma hadi ukurasa wa mwisho. Baada ya misimu miwili mashine ikafika. Bi Mwanahawa ndiye aliyemimina debe la kwanza, lakini binti yake ilibidi amsaidie kuliinua, kwani bega la kulia lilikuwa limekwisha kwa kutwanga.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza dola itafika wapi, hulikumbuka bega lile, nami huwaambia sijui.